Msanii Asiyejulikana



Jumapili moja, baada ya mkutano wa kikundi cha vijana hapa Kasapa, kijana mmoja alitujia akiwa na simu mkononi na swali ambalo kila katekista amekwisha kuulizwa: je, Mkristo anaruhusiwa kusikiliza muziki wa dunia? Tulikuwa na jibu letu la siku zote, tayari mdomoni. Kabla hatujalitoa, aligusa kioo cha simu na gitaa likaanza kulia. Lilikuwa gitaa moja tu, bila ngoma wala kinanda. Nyuzi nene zilitembea taratibu kama mtu anayekwenda kazini alfajiri, na nyuzi nyembamba zilicheza juu yake kama watoto wanaomfuata mtu huyo njiani. Wimbo huo tuliutambua mara moja.

Tukamwuliza: «Nani anayeimba?» Kijana akatazama simu yake. Iliandika, kwa Kifaransa, kwamba msanii hajulikani. Na mahali pa jina la wimbo palikuwa na namba tu.

Msanii huyo aliishi katika mji huu wa Lubumbashi. Babu wa kijana yule aliweza kupishana naye barabarani na kumsalimu. Kwa hiyo swali lake tuliliweka kando kidogo, naye tunamwomba atuwie radhi, kwa maana lile swali letu lilikuwa limekuwa kubwa zaidi: imekuwaje wimbo uliozaliwa kwetu uzunguke dunia, kisha urudi kwetu bila jina?

Tuanzie mwaka 1952, huko Jadotville, mji ambao tangu 1966 unaitwa Likasi. Katika mwaka huo Mwingereza mmoja aliyeishi Afrika Kusini, Hugh Tracey, alikuwa akipita katika Kongo ya Wabelgiji na mashine yake ya kunasa sauti. Alipenda kwa moyo wote kuhifadhi muziki wa Waafrika, ambao alihofu kwamba ungepotea. Safari zake zilisaidiwa na Gallo, kampuni ya santuri ya Johannesburg, nayo ilitafuta nyimbo za kuuza. Nia hizo mbili, ya kuhifadhi na ya kuuza, zilisafiri pamoja. Tusiwe wepesi kumhukumu. Bila yeye tungekuwa na ukimya mahali penye nyimbo nyingi za wazee wetu.

Huko Jadotville alimsikia kijana mwenye umri wa miaka 22 akipiga gitaa barabarani. Jina lake Jean-Bosco Mwenda, mtu wa Bayeke, wale wa Bunkeya, mji wa mfalme Msiri. Jina lake la ubatizo lilikuwa la Mtakatifu Yohane Bosco, mwanzilishi wa Wasalesiani, ambao walifika Elisabethville mwaka 1911. Kijana huyo alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia: kidole gumba kwa nyuzi nene, na kidole cha shahada kwa nyuzi nyembamba. Aliyemsikiliza bila kumwona aliweza kuapa kwamba wapigaji ni wawili. Tracey alinasa wimbo wake «Masanga», nao ukatoka katika santuri. Ni wimbo huohuo uliolia katika simu ya kijana wetu.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu vijana wengi hudhani kwamba gitaa ni jambo la jana, au kwamba wazee walikuwa na ladha moja ya muziki, safi na isiyochanganyika. Sivyo kabisa. Mji huu ulianzishwa kwa ajili ya shaba. Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, kutoka Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, hata kutoka Rwanda na Burundi. Kila mmoja alikuja na ngoma ya kwao. Kutoka pwani ya Waswahili ilifika ngoma ya beni, iliyoiga gwaride na bendi za askari wa Wazungu, nayo ilisafiri pamoja na askari na vibarua mpaka katika miji ya migodi. Lugha ya Kiswahili tunayosali nayo leo ilishika mizizi kwetu kwa njia hiyohiyo, kambini na kazini, midomoni mwa watu ambao wengi wao hawakuzaliwa nayo. Katika mchanganyiko huo gitaa lilipata nyumba. Lilikuwa chombo cha kijana mwenye mshahara, aliyetoka kijijini na ambaye bado hajawa mzee wa mji. Bila shaka kulikuwa na wazazi, na makatekista pia, waliolitazama kwa jicho baya. Sisi makatekista tumekuwa na desturi ya kuogopa kila chombo kipya mpaka siku kinapoingia kanisani. Siku hiyo tunakisahau woga wetu upesi sana.

Santuri ya wakati ule, disiki kama walivyoiita wazee, ilibeba karibu dakika tatu za muziki kila upande. Dakika tatu hizo zilivuka mipaka kuliko pasipoti yoyote. Zilisaidiwa na redio. Huko Lusaka kulikuwa na kituo kilichotangaza kwa lugha za Waafrika, na tangu 1949 iliuzwa redio ndogo ya betri, ya duara kama sufuria, ambayo kwa sababu hiyo iliitwa Saucepan Special. Bei yake ilikuwa pauni tano. Kwa mfanyakazi wa mgodi zilikuwa fedha nyingi, ila si nyingi za kumshinda. Watu walikusanyika kumi au kumi na tano penye redio moja, na kila mmoja alikuwa na wimbo alioutaka. Ubishi juu ya nani anapiga gitaa vizuri zaidi haukuanza na simu zenu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Jean-Bosco alikwenda Nairobi. Edouard Masengo naye alikwenda. Huyu alikuwa mpiga gitaa mwingine wa kwetu, aliyetoka katika Jecoke, kundi la wachekeshaji na wacheza ngoma wa mtaa wa Kenya. Tunasema mtaa wa Kenya wa hapa Lubumbashi, si nchi ya Kenya, ingawa yeye alizijua zote mbili. Huko Nairobi sauti zao ziliuza bidhaa: Jean-Bosco aliimba matangazo ya vidonge vya Aspro, na Masengo aliimba ya Coca-Cola. Wapigaji wa Kenya waliwasikiliza, waliwatazama vidole, na wakajifunza. Leo mtu akisikia gitaa la kale la magharibi ya Kenya na kusema kwamba linafanana na la Katanga, hajakosea.

Vidole ndivyo tunavyotaka kuvizungumzia kwa kirefu kidogo, kwa sababu vinahusu swali ambalo vijana hutuuliza: kwa nini kulipa kiingilio cha tamasha wakati wimbo upo tayari katika simu?

Mwanachuoni mmoja wa London, David Rycroft, aliandika mwaka 1961 na 1962 uchunguzi mrefu juu ya gitaa la Mwenda Jean-Bosco, noti kwa noti. Mwingereza mwingine, John Low, mpiga gitaa, alizipenda santuri za Katanga hata akaamua kwamba kusikia hakutoshi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alisafiri mpaka Lubumbashi, akaketi mbele ya Jean-Bosco, mbele ya Masengo na mbele ya Losta Abelo, akatazama jinsi mikono yao inavyokwenda. Kitabu chake cha safari hiyo kilitoka mwaka 1982. Fikirini jambo hilo. Mtu alikuwa na santuri nyumbani kwake Ulaya. Aliweza kuirudia mara mia bila kulipa tena hata senti moja. Lakini alitumia fedha na miezi kuja mahali ambapo ninyi mnakaa bure, ili aone kidole gumba kikigusa uzi.

Kabla ya hapo, mwaka 1969, Jean-Bosco mwenyewe alikuwa amekwisha kualikwa Marekani, kwenye tamasha la Newport, mojawapo ya matamasha makubwa ya muziki wa kiasili ya wakati ule. Watu wa huko walimwona. Sisi wa hapa mara nyingi tulimsikia tu. Santuri, na baadaye kaseti, zilitupa sauti yake na kuuacha mwili wake nje ya mlango: jasho, uzi unaokatika katikati ya wimbo, kosa dogo linalomfanya mpigaji acheke na wasikilizaji wacheke naye. Aliyewahi kukaa karibu na mpiga gitaa hodari, hata katika arusi ya kawaida, anajua kwamba wimbo hauwi uleule mara mbili. Mpigaji huona nani amesimama, nani analia, nani ameanza kucheza, na vidole vyake hujibu. Simu haiwezi kukuona.

Msidhani kwamba mambo haya yalikuwa ya barabarani tu, na kwamba Kanisa lilikaa mbali. Hapa Elisabethville Joseph Kiwele, mwalimu wa muziki na mpiga kinanda cha kanisa, alitunga misa yenye sauti za Katanga. Mwaka 1960 akatunga pia wimbo wa taifa wa Katanga iliyojitenga, na akawa waziri wa elimu katika serikali hiyo, akafa mwaka 1961. Historia yake ingehitaji makala ya peke yake, tena ndefu.

Tuende Kamina. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliunda katika miaka ya 1950 kwaya ya wavulana na walimu wa shule, iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Pamoja nao akaandaa misa ambayo dunia inaijua kwa jina la Missa Luba. Maneno yake ni ya Kilatini, yaleyale yaliyoimbwa Roma. Sauti ni za kwetu: Sanctus, kwa mfano, inasimama juu ya wimbo wa kuagana. Kumbukeni kwamba hii ilikuwa mwaka 1958, miaka mitano kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujatoa hati yake juu ya liturujia, na miaka 30 kabla Roma haijaidhinisha, mwaka 1988, utaratibu wa Misa kwa majimbo ya Zaire. Kwaya ilisafiri Ulaya mwaka huohuo wa 1958. Santuri yake ikauzwa nchi nyingi. Mwaka 1968 Sanctus hiyo ikatumiwa katika filamu ya Kiingereza iitwayo «If....», na vijana wa Uingereza ambao hawakuwahi kusikia jina la Kamina wakainunua santuri madukani.

Sasa angalieni jinsi misa hiyo ilivyoundwa. Sehemu kubwa haikuandikwa kwanza katika karatasi. Waimbaji waliichipusha wakiimba, wakichota katika nyimbo walizozijua tangu utoto: huyu anaanza, wale wanaitikia, mwingine anapamba. Hiyo ndiyo njia yetu ya kutunga, na kila kwaya ya parokia inaijua. Lakini jina lililokwenda duniani pamoja na misa ni la Padri, aliyeipanga, na la mfalme wa Wabelgiji, ambaye kwaya ilichukua jina lake. Watoto na walimu walioitoa sauti ile vifuani mwao, ni wangapi kati yetu wanaoweza kutaja hata mmoja? Padri alifanya kazi kubwa, nasi tunaiheshimu. Ila ubao wa majina ulikuwa na nafasi ndogo, na waliokosa nafasi ni watu wa kwetu.

Ilikuwa vivyo hivyo katika biashara. Desturi ya makampuni ya santuri barani Afrika wakati ule, mara nyingi, ilikuwa kumlipa mwimbaji mara moja kwa wimbo, kisha yeye akarudi nyumbani na santuri ikaendelea na safari yake. Hakukuwa na mtu wa kuhesabu ni watu wangapi walioinunua Kampala au Salisbury.

Ni rahisi kuwalaumu Wazungu na makampuni yao, na hapo ndipo makala nyingi huishia. Sisi hatuwezi kuishia hapo, kwa sababu tuna kaseti moja inayotusumbua.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 tulikuwa wanafunzi wa ualimu. Katika arusi moja tulimkuta mzee akipiga gitaa kwa mtindo wa zamani, tukamnasa kwa redio-kaseti usiku kucha, naye alituona na hakukataa. Kisha tukaazima mashine ya kaseti mbili, tukatengeneza nakala karibu ishirini, tukaziuza. Kwa fedha hizo tulinunulia kikundi chetu cha sala vitabu vya nyimbo. Ndiyo, vitabu vya nyimbo takatifu. Hakuna aliyeona tatizo.

Baada ya miezi kadhaa mzee alikuwa katika gari la abiria akasikia gitaa lake. Akamwuliza dereva ni nani anayepiga. Dereva akajibu: «Sijui, mzee, ni kaseti tu.» Alitutafuta mpaka akatupata. Hakupiga kelele. Alitaka kujua tuliandika nini juu ya kaseti. Tukamwonyesha: «Gitaa la zamani.» Akaisoma polepole, akasema: «Mimi si gitaa.» Kisha akauliza habari ya fedha, maana alikuwa mtu mwenye njaa na watoto kama wengine. Tukamwahidi. Vitabu vilikuwa vimekwisha kununuliwa, tukaahidi tena, na mzee akafa kabla hatujampelekea chochote. Jina lake hatukuliandika mahali popote. Tulilijua, na bado tunalijua, lakini kaseti zile, kama zipo, hazilijui.

Wakati huo sheria ilikuwepo. Sheria ya nchi yetu juu ya haki za watunzi, namba 86-033, ilitolewa tarehe 5 Aprili 1986. Inasema wazi kwamba mtunzi ana haki ya kutajwa jina lake, na kwamba haki zake haziishi siku ya maziko: warithi wake huendelea kuzishika kwa miaka mingine 50. Jean-Bosco alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1990. Pigeni hesabu wenyewe. Tangu 2011 kuna pia shirika la watunzi, SOCODA, lenye kazi ya kukusanya haki hizo. Tulisoma ualimu bila mtu yeyote kututajia sheria hiyo, na tukafundisha miaka mingi bila kuitaja.

Sasa tumefika kwenye simu zenu. Mnajua kuliko sisi jinsi inavyofanyika. Megabaiti ni ghali, umeme unakatika, basi kijana anakwenda kwenye kibanda chenye kompyuta, anatoa kadi yake ya simu au flash, analipa fedha kidogo, na kijana mwenye kibanda anamjazia nyimbo mia mbili: injili, rumba, nyimbo za Nijeria, za Tanzania, na katikati yake, bila yeye kuomba, gitaa la mwaka 1952. Wengine wanapakua wenyewe katika intaneti usiku, wakati bei inaposhuka. Kisha nyimbo zinapita kutoka simu hadi simu bila gharama yoyote. Katika safari hiyo jina ndilo linaloanguka kwanza. Sauti inabaki nzima, pengine safi kuliko katika santuri, lakini jina limekuwa «Track 07».

Hatuwezi kumwambia kijana asiye na nauli ya kwenda shule kwamba alipie kila wimbo kwa kadi ya benki ambayo baba yake hana. Tungekuwa wanafiki, hasa sisi wa kaseti. Wala hatutaki kurudisha hukumu za zamani juu ya ladha ya mtu: huyu apende rumba, yule apende zeze, mwingine Missa Luba na kelele za Johannesburg siku hiyohiyo. Wazee wa kambi za Union Minière walichanganya kuliko ninyi. Kinachotuuma ni kwamba mwenye kibanda analipwa, mwenye mtambo wa simu analipwa, na yule aliyekesha akitafuta sauti hapati hata kutajwa.

Jambo hili limekwisha kuingia katika kwaya zetu. Msichana mmoja wa parokia alitunga wimbo wa Matoleo. Mtu akaunasa kwa simu katika Misa ya Pasaka, akautuma. Baada ya mwaka mmoja tuliusikia katika mji mwingine, umeimbwa vizuri sana, na kiongozi wa kwaya ile akatueleza kwa nia njema kabisa kwamba ni wimbo wa zamani ambao mtunzi wake hajulikani. Msichana ana miaka 19. Tulipomweleza alicheka kwanza, halafu akanyamaza.

Turudi kwa kijana wetu wa Jumapili. Tulimhadithia haya, kwa kifupi, tumekaa kwenye benchi la nje. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba jina katika simu linaweza kubadilishwa. Kumbe ni kazi ya nusu dakika, nasi hatukujua. Akafungua mahali pa kuandika, akafuta ile namba, akaandika «Masanga». Halafu akasimama penye jina la msanii, akatuuliza aandike vipi: Jean-Bosco Mwenda, au Mwenda Jean-Bosco?

Swali hilo nalo lina historia yake. Santuri za kwanza zilimwita kwa jina la ubatizo. Mwaka 1972 Mobutu aliamuru majina ya Kikristo yaachwe, na mwanamuziki wetu akajulikana kama Mwenda wa Bayeke. Ndilo jina lililoandikwa juu ya santuri yake ya mwisho. Tukamweleza hivyo. Kijana akafikiri kidogo, kisha akaandika yote, moja baada ya jingine, mpaka nafasi katika kioo ikaisha.